Injini Imeachwa Kutengenezwa, Kitabu Chake Kiko Wapi?

Injini ilikuwa 2JZ-GTE, safi kabisa, imeng'olewa kwenye Toyota Aristo. Kitabu cha matengenezo kilikuwa cha gari jingine lenye injini hiyo, Toyota Supra ya Marekani, na kilikuwa kizuri: kurasa zote zipo, michoro inasomeka, vipimo viko wazi. Nikajiona nimemaliza nusu ya kazi. Siku mbili baadaye nilikuwa bado nimeinama mbele ya silinda hedi, natafuta kwenye michoro valvu moja ndogo ya umeme ambayo kwenye injini ipo na kwenye kitabu haipo. Nilipekua sura ya oili, nikapekua sura ya turbo, nikarudi mwanzo. Hamna.

Kitabu hakikuwa na kasoro, injini nayo haikuwa na kasoro. Aristo ile ilitengenezwa baada ya Toyota kuingiza VVT-i, mfumo unaobadilisha taimingi ya valvu, kwenye 2JZ-GTE mwaka 1997, na Supra za turbo zilizouzwa nje ya Japani hazikuwahi kupewa mfumo huo. Nilikuwa na kitabu sahihi cha injini ya mtu mwingine.

Tangu siku hiyo sitafuti tena kitabu cha injini. Natafuta kitabu cha toleo: injini ile, ya kizazi kile, ya soko lile, ya mwaka ule. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe, na ya kwanza haihitaji intaneti wala kompyuta. Inahitaji tochi na kitambaa cha kufutia grisi.

Hatua ya 1: Itambue injini kwa macho yako

Soma namba iliyogongwa kwenye bloku. Usitegemee maandishi ya kifuniko cha juu, wala stika, wala maneno ya aliyekuuzia. Kifuniko kinafunguliwa kwa boliti chache tu, na kuna watu wanaokihamisha kutoka injini moja hadi nyingine kwa sababu kinapendeza. Futa uchafu, piga picha namba, kisha isome kwa utulivu ukiwa umekaa.

Namba hiyo yenyewe ni maelezo. RB26DETT ya Nissan, kwa mfano: RB ni ukoo, 26 ni ujazo wa lita 2.6, D ni kamshafti mbili juu ya hedi, E ni upulizaji wa mafuta unaoongozwa na umeme, TT ni turbo mbili. SR20DET inasomeka hivyo hivyo, ila ina turbo moja. Toyota wao huweka namba ya mtoto kwenye ukoo kwanza: 2JZ ni mtoto wa pili wa ukoo wa JZ, kisha G ni hedi ya kamshafti mbili iliyosanifiwa kwa ajili ya nguvu, T ni turbo, E ni upulizaji wa umeme. Ukikosea herufi moja, GE badala ya GTE, umejipatia kitabu cha injini isiyo na turbo, yenye pistoni tofauti na uwiano tofauti wa mgandamizo.

Lakini msimbo peke yake hautoshi, na hapa ndipo wengi tunapoteleza. Injini moja inaweza kuishi miaka 15 na msimbo uleule huku ndani ikibadilishwa kimyakimya. 4G63 ya Mitsubishi ina matoleo yenye boliti sita za kushika flaiwili kwenye kranki, na ya baadaye yenye saba. Injini hiyohiyo kwenye Lancer Evolution ya kwanza hadi ya tatu imekaa upande mmoja, na kuanzia Evolution IV ya 1996 ikageuzwa nyuzi 180. Ukishika kitabu cha Evolution III ukiwa umesimama mbele ya Evolution V, mkanda wa taimingi utautafuta upande usiokuwepo. RB26DETT za mwanzo nazo zina kranki ambayo sehemu inayoendesha pampu ya oili ni fupi, zilizofuata zilirefushwa. Bloku zote zimeandikwa RB26.

Kwa hiyo baada ya msimbo, tafuta msimbo wa gari ambalo injini ilitoka. BNR32, BCNR33 na BNR34 ni Skyline GT-R tatu tofauti. JZA80 ni Supra, JZS147 na JZS161 ni Aristo. CN9A ni Evolution IV, CP9A ni ya V na VI, CT9A ni ya VII hadi IX. FD3S ni Mazda RX-7 ya mwisho. Msimbo huu umeandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji, chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Kama injini imepandikizwa, kibati cha gari ulilonalo hakikusaidii kwa mambo ya injini. Kinaeleza gari lilivyozaliwa, hakijui lilivyo leo. Muulize aliyekuuzia ilitoka gari gani, na asipojua, angalia vitu vya pembeni: umbo la sufuria ya oili, upande wa mlango wa hewa, idadi ya plagi za waya kwenye kompyuta ya injini. Sufuria ya oili hasa husema mengi, kwa sababu hutengenezwa kufuata fremu ya gari iliyoibeba.

Andika kwenye karatasi: msimbo wa injini, msimbo wa gari la asili, mwaka na ikiwezekana mwezi, soko ilikouzwa mara ya kwanza, na aina ya gia. Karatasi hiyo ndiyo utakayoipimia kila kitabu utakachokutana nacho.

Hatua ya 2: Jua jina la unachokitafuta

"Manual" ni neno pana mno. Kijitabu cha mwenye gari kinakaa kwenye droo ya dashibodi na kitakwambia aina ya oili na lini ubadilishe. Kitabu cha gereji ndicho chenye nguvu za kukaza boliti, nafasi za beringi, mpangilio wa taimingi na hatua za kufungua na kufunga. Wamarekani hukiita "service manual" au "repair manual", Waingereza hupenda "workshop manual". Andika majina yote matatu unapotafuta, moja baada ya jingine, pamoja na msimbo wa gari na siyo jina la kibiashara. JZA80 italeta majibu machache yenye maana. Supra italeta picha za mabango.

Kitabu cha wayaringi mara nyingi ni chapisho la peke yake. Usione kitabu cha gereji hakina michoro ya waya ukadhani kurasa zimechanwa.

Halafu kuna nyongeza, na hizi zimewatoa watu jasho. Kwa magari ya nguvu, watengenezaji wengi hawakuandika kitabu kizima. Waliandika kitabu cha gari la kawaida la familia, kisha wakatoa kijitabu chembamba kinachoeleza yaliyobadilika tu kwenye toleo la nguvu. Ukikosa humo nguvu ya kukaza kofia za beringi kuu, maana yake haikubadilika. Rudi kwenye kitabu mama. Mara nyingi nyongeza ina nyongeza nyingine juu yake, mwaka hadi mwaka. Ukurasa wa mwanzo huorodhesha machapisho yanayohusiana na namba zake. Nakili namba hizo zote kabla hujafanya jambo lingine, kwa sababu kutafuta kwa namba ya chapisho ni kwepesi kuliko kutafuta kwa jina. Toyota wa miaka ya 1980 na 1990 walitoa pia vitabu vya injini peke yake, bila gari, vyenye namba zinazoanza na RM. Ukikipata cha injini yako, umepata kitu bora kuliko cha gari, hasa kama injini yako imeshahama nyumba.

Hatua ya 3: Anza kwa mtengenezaji, hata kama una shaka

Watu huruka hatua hii kwa kudhani injini ikiachwa kutengenezwa na karatasi zake zinatupwa. Sivyo. Toyota, Honda, Nissan, Mazda, BMW na wengine wana tovuti rasmi za taarifa za ufundi ambako unalipia usajili wa muda mfupi, unaingia, unasoma, unahifadhi unachohitaji kwa kadiri masharti yanavyoruhusu. Kundi la Volkswagen lina tovuti ya erWin, ambako vitabu vya Audi na Volkswagen hupatikana kama PDF. Porsche bado wanauza machapisho ya magari yao ya zamani kupitia kitengo cha magari ya kale. Honda kwa Marekani vitabu vyake huchapishwa na kampuni ya Helm, na S2000, iliyokoma mwaka 2009 pamoja na injini zake F20C na F22C1, ni mfano wa gari ambalo kitabu chake halali si kigumu kukipata.

Kabla ya kulipa, angalia mambo mawili. Tovuti ya soko fulani ina magari yaliyouzwa soko hilo tu. Ya Marekani haitakuwa na Skyline R33 hata ukibembeleza. Na angalia mwaka inakoanzia. Ulaya, kanuni namba 715/2007 ndiyo iliyowalazimisha watengenezaji kuwapa mafundi wa nje taarifa za matengenezo bila ubaguzi, na ilianza kufanya kazi kwa magari mapya yaliyoidhinishwa kuanzia mwaka 2009. Injini nyingi tunazozipenda zilikufa kabla ya hapo, kwa hiyo kuwekwa kwake kwenye tovuti ni hisani ya mtengenezaji, siyo haki yako. Ndiyo maana kampuni moja ina kila kitu na jirani yake hana chochote.

Jambo la kutia moyo: baadhi yao wamerudi kuzihudumia injini hizi. Nissan ilianzisha mpango wa spea za urithi za NISMO, kitengo chake cha magari ya mbio, mwaka 2017 kwa ajili ya R32 GT-R, na Toyota nayo ina GR Heritage Parts kwa Supra za vizazi vya A70 na A80. Hizo ni spea, siyo vitabu, lakini orodha zake zina namba za vipuri zilizosasishwa, na namba hizo tutazihitaji mbele.

Hatua ya 4: Fuata ndugu wa injini

Kama ningeruhusiwa kumfundisha mtu hatua moja tu, ningemfundisha hii. Injini ya gari la nguvu ni nadra kukaa kwenye gari moja au nchi moja. Gari lako linaweza kuwa halikuuzwa popote penye kitabu cha lugha unayoielewa, huku injini yake iliuzwa huko ndani ya gari jingine.

SR20DET ya Silvia S14 ni mfano mzuri. Silvia ilikuwa ya Japani, lakini S14 hiyohiyo iliuzwa Ulaya kwa jina la 200SX, ikiwa na SR20DET ileile kwa mpangilio. Kitabu cha 200SX kimeandikwa kwa lugha za Ulaya. 3S-GTE ya Toyota iliuzwa Marekani ndani ya MR2 ya turbo na Celica All-Trac. 13B-REW ya RX-7 iliuzwa Marekani kati ya 1993 na 1995. Evolution VIII iliingia Marekani mwaka 2003, na kuanzia hapo vitabu vya 4G63 vikawa vingi kwa Kiingereza. Lakini hata kabla, 4G63 ya turbo ilikuwa kwenye Eclipse na Galant VR-4. Hata RB26DETT, inayosemwa kuwa haikuvuka bahari, iliuzwa rasmi Australia ndani ya R32 kwa magari takriban 100, na Uingereza ndani ya R33 kwa idadi ya kukaribiana. Gari likiuzwa rasmi nchi fulani, fundi wa nchi ile alihitaji kusoma kitu. Anza kutafutia huko.

Sasa tahadhari, maana ndugu si pacha. 2JZ-GTE ya Japani ina turbo za CT20A zenye gurudumu la kauri na nozeli za cc 440 kwa dakika. Ya kuuzwa nje ina CT12B zenye gurudumu la chuma na nozeli za cc 550. Konrodi, kranki na taimingi za toleo lisilo na VVT-i unaweza kuzisoma kwenye kitabu cha ndugu bila hofu kubwa. Shinikizo la turbo, mafuta, sensa, waya na chochote kinachohusu kompyuta, usisome kwa ndugu. Mimi hugawa hivi: vyuma vya ndani nasoma kwa ndugu kisha nahakiki, vyote vinavyopitisha umeme, hewa au mafuta natafuta cha toleo lenyewe, hata kama ni kwa lugha nisiyoijua.

Hatua ya 5: Tafuta kwa lugha iliyozaa injini

Hapa watu hukata tamaa mapema. Kitabu cha Kijapani cha injini ya Kijapani ndicho kamili kuliko vyote, kwa sababu hakikupunguzwa kwa ajili ya soko lolote. Huhitaji kuongea Kijapani. Unahitaji maneno machache ya kunakili na kubandika.

修理書 ndilo jina ambalo Toyota hulitumia kwa kitabu cha matengenezo. 整備書 ni kitabu cha ufundi kwa jumla, na wengine huandika 整備要領書. 配線図集 ni mkusanyo wa michoro ya waya. 新型車解説書 ni kitabu cha kutambulisha gari jipya kwa mafundi. Hakina hatua za kufungua injini, ila kinaeleza kila kitu kipya kinavyofanya kazi, na kwa mifumo migumu kama turbo mbili zinazopokezana kwenye 13B-REW, maelezo yake yanafumbua macho kuliko kitabu chenyewe cha gereji. Bandika msimbo wa gari mbele ya neno, kwa mfano JZS161 修理書, utafute kwenye minada ya mtandaoni na maduka ya vitabu vilivyotumika ya Japani.

Tarehe za vitabu hivi huandikwa kwa enzi za kifalme. Ukiona 平成7年, hiyo ni Heisei 7: jumlisha 1988, unapata 1995. Ya enzi ya Showa, 昭和, jumlisha 1925. Kabla sijajua hesabu hii nilikataa kitabu kilichokuwa hasa ndicho, nikidhani ile 7 ni namba ya juzuu.

Kitabu kikifika mkononi, kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri itakusogeza mbali. Isiaminiwe kwa maneno haya, yajue mwenyewe kwa sura: 締付トルク ni nguvu ya kukaza, 標準値 ni kipimo cha kawaida, 限度値 ni kikomo, 交換 ni badilisha, 点検 ni kagua, na 再使用不可 ni usitumie tena. Hilo la mwisho ukilikosa kwenye boliti, utaifunga injini kwa boliti iliyokwisha kuvutika. Kwenye michoro ya Toyota hata lugha haihitajiki, kifaa kisichorudishwa huwekewa alama ya almasi nyeusi.

Kwa injini za Audi na Volkswagen neno la kutafutia ni Reparaturleitfaden. Kwa Lancia na Alfa Romeo, manuale d'officina.

Hatua ya 6: Jaza mapengo kwa vyanzo vya pembeni

Katalogi ya vipuri ya mtengenezaji ni kitabu cha gereji kilichojificha. Michoro yake iliyotawanywa huonyesha kila wosha, kila sili na mpangilio wake, na namba ya kipuri inakuambia kilibadilishwa lini na namba gani ikachukua nafasi yake. Ukitaka kujua kama kranki yako ni ya mwanzo au ya baadaye, tarehe za uzalishaji kwenye katalogi zitakuambia kabla hujafungua sufuria ya oili.

Taarifa za ufundi zinazotumwa kwa mawakala baada ya gari kuuzwa ni muhimu sana kwa injini za nguvu, kwa sababu ndizo zinazokiri makosa. BMW waliziita zirudi gereji M3 za kizazi cha E46 za miaka ya mwanzo ili beringi za konrodi za injini ya S54 zibadilishwe. Kitabu kilichochapishwa kabla ya hapo hakina neno hata moja. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, huweka taarifa za aina hii na orodha za magari yaliyoitwa kurudi gereji kwenye tovuti yake, bure, kwa magari yaliyouzwa nchini humo.

Kuna chanzo kimoja ambacho sioni kikitajwa sana. Gari likiingia mashindano ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, mtengenezaji alijaza fomu ya uidhinishaji yenye vipimo na picha za injini: kipenyo cha silinda, urefu wa mwendo wa pistoni, kipenyo cha valvu, uzito wa konrodi na kranki. R32 GT-R, Celica GT-Four, Lancer Evolution, Delta Integrale na M3 ya E30 zote zilipitia Kundi A, daraja mojawapo la mashindano hayo, na FIA imeweka fomu za magari ya kihistoria mtandaoni. Hazina nguvu za kukaza boliti. Lakini kwa kujua kama konrodi uliyoinunua ni ya asili, mizani ya jikoni na fomu hiyo vinatosha.

Watengenezaji wa vipuri nao huchapisha. Kampuni za gasketi kama Elring na Victor Reinz hutoa mpangilio na hatua za kukaza hedi, kampuni za beringi hutoa vipenyo na nafasi za oili. Na ukifunga boliti za kampuni nyingine, mfano ARP, kipimo cha kiwandani hakitumiki tena. Tumia karatasi iliyokuja kwenye boksi pamoja na grisi yake, kwa sababu kilainishi hubadilisha mvutano wa boliti kwa nguvu ileile ya spana.

Vitabu vya Haynes, ambavyo mafundi wengi wamejifunzia, ni vizuri kwa gari la kawaida. Soma jalada kabla hujanunua: mara nyingi limeandikwa wazi matoleo ambayo kitabu hakiyahusu, na la turbo ndilo la kwanza kuachwa.

Hatua ya 7: Kihakiki kabla hujashika spana

Nakala nyingi utakazozipata zimepigwa skana na mtu aliyekuwa na haraka. Anza na namba za kurasa. Vitabu vya Kijapani vingi huhesabu kurasa kwa sura, EM kwa sehemu za ndani za injini, kwa hiyo EM-40 ikifuatiwa na EM-43 ni karatasi moja iliyokosekana, na kwa bahati mbaya ya dunia huwa ndiyo yenye mpangilio wa kukaza.

Kisha pima namba zenyewe. Kitabu kizuri hutoa kila nguvu ya kukaza kwa vizio vitatu: 34 N·m, 350 kgf·cm, 25 ft·lbf. Zidisha kgf·cm kwa 0.098, unapata N·m. Zidisha N·m kwa 0.74, unapata ft·lbf. Moja isipokubaliana na mbili, skana imesoma vibaya au mchapaji alisinzia. Vitabu vya zamani vya Japani hutumia kgf·m au kgf·cm peke yake, na kati ya hivyo viwili kuna tofauti ya mara 100, kwa hiyo kosa hilo utaliona. Kosa usiloliona ni la kgf·m kuchukuliwa kuwa ft·lbf: boliti inayotaka 10 kgf·m, yaani karibu 98 N·m, inakazwa kwa karibu 14 N·m na injini inawaka vizuri kabisa, kwa muda.

Nafasi za valvu nazo huandikwa kwa milimita na inchi. 0.15 mm ni inchi 0.006. Nukta ya desimali ndiyo kitu cha kwanza kupotea kwenye skana mbaya.

Jaribio ninalolipenda ni la ujazo. Chukua kipenyo na mwendo wa pistoni kutoka kwenye kitabu, piga hesabu, linganisha na ujazo uliotajwa. RB26: kipenyo 86 mm, mwendo 73.7 mm, silinda sita, jibu ni cc 2,568. Skana ikisoma 78.7, utapata karibu 2,743 na utajua ukurasa huo hauaminiki. Jaribio hili halitakuambia kama kitabu ni cha injini nyingine, lakini. 2JZ, 3S-GTE na SR20DET zote ni 86 kwa 86. Wahandisi nao wana namba wanazozipenda.

Mwisho linganisha na injini yenyewe. Hesabu boliti za hedi, tazama mpangilio wa mipira ya vakyumu, tafuta kila sensa iliyochorwa. Vitu vitatu visipolingana, weka kitabu chini urudi kwenye karatasi ya hatua ya kwanza. Hii ndiyo dakika kumi niliyoinyima ile Aristo.

Neno la usalama wa kompyuta pia: kitabu ni PDF, au picha, au kurasa za wavuti. Faili inayojiita kitabu ikaishia na .exe usiifungue. Isipokuwa diski halisi za kiwandani za miaka ya 2000, ambazo baadhi ziliandikwa kwa ajili ya Windows za zamani. Hizo ziendeshe ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako, isiyo na mtandao.

Hatua ya 8: Kipimo kisipopatikana kabisa

Kwa mabano, vifuniko na vishikio vya waya, jedwali la jumla la boliti linakubalika. Boliti ya daraja la 8.8 yenye uzi mkavu hukazwa takriban 10 N·m kwa M6, 25 kwa M8 na 49 kwa M10, na unashuka chini ya hapo inapoingia kwenye alumini. Kwa hedi, konrodi, kofia za beringi kuu, flaiwili na gia za kamshafti, hapana. Hizo husubiri. Injini iliyofunguliwa na kufunikwa vizuri haiozi kwa wiki tatu za kusubiri kitabu kutoka Osaka.

Ukishakusanya, ipe kila faili jina lenye injini, gari, soko na mwaka, kwa mpangilio huo: 2JZGTE-JZS161-Japani-1997. Weka nakala mbili mahali tofauti, maana tovuti za watu binafsi hufungwa bila kuaga. Kurasa za vipimo zichapishe uzifunike kwa plastiki, kwa sababu simu na mikono yenye oili havipatani. Zangu zimebandikwa ndani ya mlango wa kabati la spana. Ile ya Supra ya Marekani sikuitupa, ipo hapohapo pembeni, ina mstari mwekundu uliokatiza sura ya turbo na ya umeme.